Mghushi ana cheti, baba yangu hana

Jumapili iliyopita tulikuwa Dunga tukisubiri samaki, mpwa wangu akanisogezea simu. Mtu kamwandika Jean de Sperati, mghushi wa stempu, kama shujaa: mzee aliyewachezea shere wataalamu wote wa stempu wa Ulaya. "Anko, huyu jamaa alikuwa moto!"

Ustadi simnyimi. Alichukua stempu halisi ya bei ya chee, akaifuta rangi kwa kemikali, akabaki na karatasi halisi, meno halisi ya pembeni, mara nyingi hata muhuri halisi wa posta. Juu yake akachapa sura ya stempu adimu. Mwaka 1942 forodha ya Ufaransa ilikamata stempu 18 za Kijerumani alizokuwa akipeleka Lisbon, akashtakiwa kusafirisha mali ya thamani bila kibali. Akajitetea kwamba ni feki, kazi ya mikono yake. Wataalamu wakashikilia kwamba ni halisi! Haya, hapo hata mimi nilicheka.

"Na aliwaibia matajiri tu," mpwa akaongeza.

Ugali ukanikwama.

Marehemu baba alikuwa karani wa reli hapa Kisumu. Duka moja la Mhindi lilipofungwa, mwenyewe alimpa bahasha na makaratasi ya zamani, na humo baba akapata stempu ya pauni moja ya Kenya na Uganda, toleo la 1922, kichwa cha Mfalme George wa Tano, rangi nyeusi na chungwa. Juu yake muhuri wa Kisumu. Pauni nzima, enzi zile! Aliitunza ndani ya daftari la mistari, imefunikwa kwa karatasi ya pakiti ya sigara, na sisi watoto tuliruhusiwa kuiangalia mikono ikiwa nyuma.

Mwaka jana mama alihitaji pesa za matibabu, nikapanda matatu hadi Nakuru kwa mzee mmoja anayenunua vitu hivyo. Akaigeuza kwa kibano, akaimulika, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Kimya. Kisha akanieleza kwa upole, kama daktari. Stempu za bei kubwa za wakati ule zilibandikwa zaidi kwenye hati kuliko kwenye barua, zikafutwa kwa kalamu ya wino. Hizo hazina thamani kubwa. Basi wajanja huosha wino, wakagonga muhuri bandia wa posta, bei ikaruka. "Sisemi hii ni hiyo, kijana wangu. Nasema siwezi kujua." Akanitajia bei ya samaki mmoja, mbuta.

Ningeweza kuipeleka London ikaguliwe na kupewa cheti. Niliuliza gharama. Nilirudi kituo cha matatu.

Sasa niambie tajiri gani kaibiwa hapo. Tajiri ana cheti, ana wakili, na akipigwa ana kisa cha kusimulia mezani. Anayelipa ni mjane mwenye stempu ya kweli na daftari la mistari, kwa sababu mwizi asiyemjua amefanya kila kitu kishukiwe.

(Fournier wa Geneva, mghushi mwingine wa stempu, naye alijitetea kwamba anawahudumia wasio na uwezo. Angalau aliwaambia wanunuzi wake kwamba ni nakala.)

Na kinachonichoma hasa ni hiki. Mwaka 1954 British Philatelic Association, chama cha wapenzi wa stempu cha Uingereza, ilimnunulia Sperati akiba yake yote ya kazi ili aache. Alimlipa nani fidia? Leo stempu zake za uongo zinauzwa mnadani kwa fahari, zikiwa na cheti kwamba ni Sperati halisi. Uongo uliothibitishwa! Ukweli wa baba yangu ni bei ya samaki.

Siku ile ya Nakuru nilifika nyumbani usiku. Mama alikuwa macho. "Wamesemaje?"

Nikamwambia yule mzee alikuwa amesafiri. Daftari nikalirudisha sandukuni, chini ya koti la reli.