Buriani Mwalimu wetu wa Jinja

Poleni sana Mama na watoto. Habari hii ya kifo cha Mwalimu inamtaja kama mwalimu wa hesabu tu. Sisi aliotufundisha Jinja, Uganda, tunajua alitufundisha na Kiswahili, bila malipo, chini ya mwembe, wakati wengi bado wanakiita lugha ya wanajeshi na wezi. Elimu ya bure ilipoanza 1997 darasa lilifurika, lakini yeye alimwita kila mtoto kwa jina lake. Jioni ungemkuta uani akimenya matoke pamoja na mkewe (wazee wenzake walimcheka, hakujali). Baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe somo la lazima, Julai 2022, nilimpigia simu. Akacheka mpaka akakohoa: “Wamechelewa, lakini waambie karibuni darasani.”