Kadi ije nzima, au isije kabisa

Juzi kijana mmoja mpiga video, mchapakazi na mwenye adabu zake, kaniletea flashi yenye harusi ya Jumamosi niihariri. "Bro, mzigo wote uko humo, nimekusafishia kabisa." Kusafisha kwenyewe kulikuwa hivi: kaingia kwenye kadi ya kamera, kateremka folda kwa folda mpaka STREAM, kachukua yale mafaili makubwa ya video, ya MTS, na kuyabwaga kwenye flashi. Vile vidogo vya CPI na MPL kaviacha, maana alidhani ni virusi. Kisha kadi kaifomati, kwa sababu Jumapili alikuwa na kicheni pati Mbagala.

Naingiza kazi kwenye kompyuta, vituko vinaanza. Ibada inarukaruka, sauti inapiga "tak" katikati ya sentensi ya padri, klipu moja haifunguki kabisa. Nampigia simu. "Itakuwa programu yako, bro. Jaribu nyingine, au pitisha kwenye konveta, ibadilishe umbo la video." Presha ilipanda.

Wapiga video wenzangu, tuelewane leo. Programu ya kuhariri haina kosa. Tangu Sony na Panasonic watoe mfumo wa kurekodi video wa AVCHD mwaka 2006, kadi imepangwa vilevile: PRIVATE, ndani yake AVCHD, ndani yake BDMV, na humo ndimo ilimo STREAM mnayoipenda. Ila pembeni yake kuna CLIPINF, yenye vile vya CPI, inayotunza maelezo ya kila klipu, na PLAYLIST, yenye vya MPL, inayosema kipande gani kinafuata kipi. Havina hata uzito, jumla yake haifiki picha moja ya simu. Mnaviacha kwa sababu ni vidogo! Ni sawa na kumpelekea fundi vitambaa vilivyokwisha kukatwa bila kumwambia upi mkono na upi kola, halafu shati likikaa upande tunalaumu cherehani.

Tatizo linaanzia kwenye mkato. Kadi za hadi 32GB zinafomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, na FAT32 haibebi faili linalozidi 4GB. Kwa hiyo kamera ikirekodi mfululizo inakata yenyewe na kuanza faili jingine. Nyingine hukata hata kwenye 2GB. Kwa kiwango cha megabiti 24 kwa sekunde, hiyo 2GB ni kama dakika 11 tu. Na kamera haikati kistaarabu mwishoni mwa fremu. Inakata data palipofikia kikomo, nusu ya fremu ikabaki huku na nusu ikaenda kule, sauti nayo vivyo hivyo. Programu ikiwa na yale mafaili madogo inajua kwamba 00003 na 00004 ni tukio moja, inaunga, wala hutagundua palipokuwa na mkato. Ikikosa, inaona klipu mbili zisizojuana, inatupa vile vipande nusunusu, na wewe unapata shimo.

Na shimo halitoboki popote tu. Klipu fupi za maua, za viatu, za bibi harusi akipakwa poda, hazifiki kikomo, kwa hiyo zinaingia salama na mpiga video anaapa kwamba mbona nyingine zimekubali. Kinachofika kikomo ni kile ulichoacha kamera juu ya tripodi bila kuigusa: ibada nzima, hotuba ya baba, nasaha za shangazi. Yaani shimo linakwenda kuangukia palepale ambapo familia itasikiliza kila neno. Mteja hajui CPI ni nini wala hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba mwanawe alisema "nakubali" na kwenye video hakuna.

Halafu kuna hili la majina. Mara nyingi kadi iliyofomatiwa inaanza upya na 00000.MTS. Kamera ya kanisani ina 00000, kamera ya pili nayo ina 00000, kadi ya ukumbini nayo hivyohivyo. Mtu anamwaga kadi zote kwenye folda moja inayoitwa HARUSI, kompyuta inamuuliza kama abadilishe mafaili yaliyomo, na yeye, saa nane za usiku, ameshiba pilau na macho yamemwiva, anabonyeza ndiyo. Ibada imefunikwa na watu wanacheza muziki. Faili lililoandikwa juu yake ni tabu kulifufua, na kadi yenyewe, kama tulivyosema, iko Mbagala inarekodi kicheni pati. Wajanja zaidi wanabadilisha majina, "kiapo 1", "kiapo 2", wanajiona wamepanga vizuri, kumbe wamekata uhusiano wa hilo faili na maelezo yake.

Sasa nije kwa konveta, dawa ya kila ugonjwa siku hizi. Video haiingii? Konveta. Inakwama? Konveta. Mtu anapakua kitu cha bure kutoka kusikojulikana, anakamua saa nzima ya harusi mpaka iwe MP4 ya kubana, rangi zinafifia, mistari ya picha za 50i (nusu-picha 50 kwa sekunde, za mistari inayopokezana) inaganda ndani ya picha yenyewe na haitoki tena, na juu yake kuna chapa ya jaribio inayokata uso wa bwana harusi. Shimo la sauti liko palepale! Konveta haiwezi kurudisha fremu ambayo haijapewa. Kama umeshapoteza vile vidogo lakini MTS zote zipo na majina yake ya asili, angalau ziunge kwanza kwa mfuatano wake kabla ya kuziingiza. Windows inafanya kwa amri ya copy /b 00003.MTS+00004.MTS ibada.MTS, bila kubadilisha chochote ndani yake. Na kama programu haitaki tu umbo la MTS, programu ya ffmpeg kwa amri ya -c copy inahamisha picha na sauti kwenye ganda jingine la faili ndani ya dakika chache, bila kukamua upya. Ni bure. Haina vitufe vya kupendeza, ndiyo maana haina mashabiki.

Haya, nikubali kidogo. Waliobuni mfumo huu hawakutuonea huruma. Kumficha mtu harusi yake chini ya folda nne zenye majina kama namba za vipuri, kisha kutegemea asivuruge, ni kumtafuta ubaya. Najua pia kwamba kadi nzuri ni ghali, kwamba ukinunua ya bei ya kutupa Kariakoo unaweza kuuziwa ya 16GB iliyoandikwa 128, na kwamba kijana mwenye kadi mbili na kazi tatu za wikendi lazima afomati. Sawa. Lakini kukopi kadi nzima hakuchukui muda zaidi ya kukopi STREAM peke yake. Uvivu huo hauokoi hata dakika moja.

Fungua folda moja kwa kila kadi, iite unavyotaka, "kamera A kadi 1", kisha tupia humo kila kilichomo kwenye kadi kuanzia PRIVATE. Jina la folda ya nje ni lako. Za ndani usiguse, usipange, usisafishe. Sasa programu za kuhariri: ukifika kwenye Premiere pita Media Browser, usivute mafaili kwa kipanya. Final Cut Pro ina dirisha lake la kuingizia. Edius nayo ina Source Browser. Zote zinataka kuiona kadi kama ilivyotoka kwenye kamera. Na usifute mafaili ya kadi kwa kutumia kompyuta halafu ushangae kamera inapolalamika kuhusu kanzidata yake.

Picha ipo lakini sauti hakuna? Hiyo ni kesi nyingine, mara nyingi ni sauti ya aina ya AC-3 ya Dolby, na Windows 11 toleo la 24H2 lililosakinishwa upya haliji na kisimbuzi chake, yaani kile cha kuifungua. Kama kamera yako ina chaguo la LPCM, yaani sauti isiyobanwa, liwashe uachane na kesi. Kamera uliyoletewa na shemeji kutoka Marekani inarekodi 60i, ya mwenzako 50i; msiambiane mko sawa, na hiyo ya 60i chini ya taa zetu za umeme wa 50Hz itakupa mmemetuko juu. Simu, kwa sababu kasi ya fremu zake inapanda na kushuka, italeta midomo isiyolingana na maneno. Kamera zinazorekodi kwa mfumo wa XAVC S zina folda ya M4ROOT badala ya AVCHD, sheria ni ileile.

Wenye kanda za miniDV nawaonea huruma ya kweli. Watu wamehangaika na waya wa USB usiku kucha, wakati kwenye kamera nyingi za aina ile USB ilikuwa ya picha za mnato au video hafifu tu. Video yenyewe inapita kwenye waya wa FireWire, ambayo Sony waliiita i.LINK, na saa moja ya kanda ni kama 13GB. Apple wameshaiondoa FireWire kwenye macOS 26, na laptopu mpya hazina tundu hilo. Kanda za harusi za mwaka 2003 zinazidi kuzeeka kabatini, kamera za kuzichezesha zinakufa vichwa vya kusomea kanda. Kama wazazi wako wanazo, zihamishe mwaka huu, na ukiona kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire inakwenda kwa wauza chuma chakavu, inunue. Ya kwangu siiuzi, na tusisumbuane, siazimishi.