Sikuwa uchi, nilikuwa na jezi

Kwanza kabisa, papa hakuwepo. Pili, sikulia. Tatu, na hili nalisema nikiwa na akili zangu timamu: sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa jezi.

Inabidi niandike kwa sababu rafiki yangu mmoja, ambaye leo nampa jina la Shahidi, ameniwahi: amesambaza klipu na kudai nilitoka majini uchi, nalia, nakimbia papa. Ile klipu mmeshaiona. Shangazi yangu Muscat ameiona. Fundi wangu wa viatu ameiona, na simu yake ni ya kitochi, sijui ameionea wapi. Basi sikilizeni na upande wa mshitakiwa.

Mnajua niko kwenye kozi ya kupiga mbizi. Wiki ya kwanza, kule kisiwani Mnemba, Zanzibar, nilifungwa kilo 4 za risasi. (Ndugu zangu wa bara mnaouliza bunduki ya nini: risasi ni lile dubwana zito la kijivu, kama zile za kwenye wavu. Bila hizo mtu na mtungi wake wa hewa wanaelea tu.) Nikashuka vizuri. Lakini mtungi wa alumini una tabia yake: ukishaivuta hewa unakuwa mwepesi, maana hewa nayo ina uzito, karibu kilo 3 kwa mtungi uliojaa. Tulipofika kile kituo cha mita 5, pale mnaposubiri dakika 3 kabla ya kutoka, wenzangu wametulia kama samaki, mie nimeng'ang'ania kamba ya nanga miguu juu, napepea kama kanga iliyoanikwa. Shahidi akacheka mpaka maji yakamwingia kwenye miwani.

Mwalimu akasema safari ijayo tuongeze kilo 1. Moja. Mie nikasikia nne.

Jumamosi tukarudi. Kwenye boti kuna njia mbili za kubeba risasi: uzitie kwenye mifuko ya jaketi, hili linalojazwa hewa, au uzipange kwenye mkanda ujifunge kiunoni. Mwalimu akaniangalia kiunoni kwa huruma, akasema, "Mdogo wangu, mkanda unakaa juu ya nyonga, na wewe nyonga huna. Tia kwenye mifuko."

Nikaona huyu dada hanijui. Mimi niliyekuwa naruka baharini kutoka ukutani Forodhani kabla sijaanza darasa la kwanza! Tena mifuko ikijaa unaonekana kama mtu anatoka sokoni Darajani na viazi, wakati mwenye mkanda anaonekana komandoo. Nikamjibu, "Dada, babu yangu alikuwa mvuvi." Babu yangu hakuvaa mkanda wa risasi hata siku moja maishani mwake, lakini jibu lilitoka na uzito, akaniachia.

Akanielekeza: inama mgongo uwe kama meza, kaza hapo hapo, kifungo kikae tayari kwa mkono wa kulia, na kitu kingine kisipite juu yake. Nikaitikia kila neno. Tatizo ni kwamba Shahidi alikuwa anapiga picha, kwa hiyo nilikaza nikiwa nimejaza pumzi mpaka tumboni. Pumzi ikatoka, nafasi ikabaki. Kisha mwalimu alipogeuka kuwasaidia Wataliano, nikachomeka kilo 3 za ziada. Jumla 8, juu ya bukta.

Shahidi mwenyewe hakuzama siku hiyo. Masikio yalimkataa kwenye mita 2, akarudi kwenye boti kukaa na simu yake. Mungu ana mipango yake.

Sasa twendeni polepole.

Niko mita 7. Kwa kilo zile nilikuwa nazama kama jiwe la kusagia, kwa hiyo najaza hewa kwenye jaketi ili nisimame. Kila kilo ya ziada inataka kama lita moja ya hewa, na mimi nimezidisha tatu, basi jaketi limevimba kama andazi. Yaani nimebeba mzigo, halafu nimebeba na hewa ya kuubeba mzigo. Maji safi, matumbawe yale pale, kasa mmoja anapita zake. Nikahisi ubaridi kiunoni. Nikasema labda mkondo.

Haukuwa mkondo. Mkanda ulikuwa unateremka, na haukuteremka peke yake. Ulipita pale penye nyonga za watu wengine, ukaichukua bukta, ukafika mapajani. Nikabana magoti. (Msicheke. Nyinyi mngebana nini?) Mkono wa kushoto umeshika mpira wa kutolea hewa, wa kulia unatafuta bukta, na ukiwa na miwani ya kuzamia huoni chini ya kidevu chako. Ukapita magoti. Ukafika kwenye mapezi ya kuogelea miguuni, ukanasa. Kilo 8 zinanivuta miguu, jaketi linanivuta mabega, mimi katikati nimenyooka kama mshumaa, jezi ya Simba inapepea. Kasa akasimama. Wallahi akasimama, akanitazama, akageuka akaenda kule alikotoka.

Mwalimu ananipa ishara: tulia, pumua, nakuja. Alikuwa hatua nne. Ningesubiri hatua nne! Lakini nyuma yake wanakuja Wataliano sita, yakanijia mawazo ya kizalendo. Nikajikunja, nikafikia kile kifungo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nifungue mkanda kidogo, niivute bukta, nifunge tena. Sasa kile kifungo kimetengenezwa kwa ajili ya dharura. Hakijui kidogo. Ukikivuta mara moja, kwisha habari.

Mkanda ukaenda mchangani. Mimi nikaenda juu.

Mmewahi kulizamisha dumu tupu kwenye pipa halafu mkaliachia? Ndivyo. Jambo moja tu nililolifanya sawasawa ni kuipuliza hewa njia nzima, maana ukibana pumzi ukipanda hivyo unapasua mapafu. Kwa hiyo nilipanda huku natoa sauti, na ile sauti ndiyo Shahidi anayoiita kilio. Nikachomoka majini mpaka kifuani, nikalala chali, jaketi limenibeba kama kochi, mguu wa kulia ukainuka wenyewe, na kwenye ncha ya pezi inaning'inia bukta. Hapo ndipo klipu inapoanzia.

Yaliyofuata mafupi. Niko salama, mwalimu alinizuia kuzama tena siku hiyo, mkanda akauopoa, risasi akazihesabu, tukazungumza. Sasa natumia mifuko. Kilo 5.

Ila nahodha, mzee wa watu ambaye tangu asubuhi hakusema neno, alinipa mkono kupanda botini, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Wavu una risasi na una boya. Risasi zimebaki chini." Akawasha injini. Tangu hapo kundi letu la WhatsApp linaniita Boya. Watu wa Yanga nao wana lao kuhusu ile jezi, sitawajibu.

Mama klipu imemfikia jana usiku. Ameitazama mara mbili, kimya. Nikasubiri pole. Akarudisha nyuma mpaka pale kwenye pezi, akasogeza simu karibu na macho.

"Hii si bukta ya kaka yako?"