Manjano, Shubiri na Swali Ambalo Halikuulizwa

Katika soko la Majengo hapa Dodoma, mzee mmoja muuza dawa za miti shamba hupima unga wa manjano kwa kizibo cha chupa ya maji na kuufunga ndani ya karatasi ya daftari. Siku niliyosimama kwenye meza yake, mbele yangu alikuwapo kijana aliyekonda hadi mkanda wake ukatobolewa matundu mapya. Alisema amekuwa akihara damu kwa miezi, inaacha na kurudi. "Mjukuu wangu, hilo ni chango," mzee alimwambia. "Changanya na shubiri, unywe kabla hujatia kitu tumboni." Hakumuuliza kama amewahi kupimwa. Nami, niseme kweli, sikumuuliza.

Huenda ni amiba, huenda ni kitu kingine kabisa. Lakini dalili hizo ni zilezile za maradhi ambayo madaktari huyaita uvimbe sugu wa utumbo, yanayotokea kinga ya mwili inapoushambulia ukuta wa matumbo bila kukoma. Yako makuu mawili: kolaiti ya vidonda, inayoshika utumbo mpana na puru, na ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa Marekani aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932, ambao unaweza kugusa popote kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa. Yote mawili hupoa na kuamka kwa miaka mingi, na hapo ndipo ulipo mtego kwa kila anayetaka kupima nguvu ya dawa, kwa sababu mtu akianza kunywa chochote wakati ugonjwa umeshaanza kupoa wenyewe, sifa zote huenda kwa kile alichokunywa.

Wanaotetea tiba mbadala hawabahatishi tu, na anayewacheka hajasoma. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 89 wa kolaiti ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia: kwa miezi sita, baadhi walipewa kurkumini, kiini cha manjano, gramu 2 kwa siku, na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa ndani yake. Ugonjwa uliwarudia wagonjwa 2 kati ya 43 waliotumia kurkumini, na 8 kati ya 39 waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2015 utafiti mwingine, wa wagonjwa 50 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeamka kwa kiasi kidogo au cha kati, ulionyesha kwamba baada ya mwezi mmoja wa gramu 3 kwa siku, 14 kati ya 26 walitulia, ilhali katika kundi la pili la watu 24 waliopewa kidonge kitupu hakutulia hata mmoja. Hizo si namba za kupuuza.

Neno zito katika tafiti zote mbili, hata hivyo, ni "pamoja na". Wagonjwa wote walikuwa wakiendelea na dawa za hospitali, mesalazini au sulfasalazini. Hakuna aliyeambiwa azitupe. Kuna pia hesabu ambayo sijawahi kuisikia sokoni. Unga wa manjano wa jikoni una kurkumini ya takriban asilimia 3 tu, kwa hiyo anayetaka kufikia gramu 3 za utafiti ule atalazimika kula karibu gramu 100 za unga kila siku, yaani kilo nzima kwa siku kumi. Vizibo vya yule mzee vinatia rangi chai na mchuzi, na sina ugomvi navyo, lakini havikaribii kipimo kilichozaa matokeo yale.

Shubiri ina kisa chake, na kwangu ndicho kinachofundisha zaidi. Huko Uingereza mwaka 2004 wagonjwa 44 wa kolaiti waligawanywa, wengine wakanywa ute wa mshubiri mililita 100 mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Waliotulia kabisa walikuwa 9 kati ya 30, na katika kundi la kinywaji kitupu 1 kati ya 14. Tofauti inayovutia macho, ila kundi lilikuwa dogo mno kuweza kuithibitisha. Sasa, kilichonywewa pale ni ule ute mweupe wa ndani. Huku kwetu jani huchemshwa zima na ganda lake, na utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ndio unaolitia jani uchungu wake. Utomvu huo ni dawa ya kuharisha. Tumezoea kuamini kwamba dawa isiyo chungu si dawa, na kwa imani hiyo mtu anayehara damu mara nane kwa siku anapewa kitu cha kumharisha zaidi.

Ubani, niuguse kwa kifupi, ulijaribiwa Ujerumani kuzuia ugonjwa wa Crohn usirudi, na haukuushinda kidonge kitupu. Mafuta ya samaki nayo yaliangukia hapohapo.

Upande wa pili wa mizani hauna budi kusikilizwa vilevile. Prednisoloni, dawa ya hospitali ya kushusha kinga, hutuliza upesi, lakini ikitumika muda mrefu huvimbisha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Mgonjwa wa Mpwapwa au Kondoa anayehitaji kolonoskopi, yaani kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo mpana, na kipande cha utumbo kupelekwa maabara huanza na nauli, halafu malazi, halafu kipimo chenyewe, wakati mganga yupo jirani, anamjua kwa jina la baba yake na ana saa nzima ya kumsikiliza. Serikali yenyewe iliitambua tiba hiyo kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na kuiwekea Baraza lake. Kumwambia mtu wa namna hiyo aachane na miti shamba, bila kumpa cha kushika, ni maneno matupu.

Pamoja na hayo yote, naegemea upande wa kupima kwanza, wala si kwa sababu ya ubora wa vidonge. Katika mikoa hii kuhara damu kuna baba wengi: amiba, kichocho cha tumbo, kifua kikuu cha utumbo. Hicho cha mwisho hufanana na ugonjwa wa Crohn hata mbele ya macho ya mtaalamu, na kumpa mwenye nacho dawa za kushusha kinga ni kukiachia kifua kikuu mlango wazi. Kwa hiyo kosa la kukisia si la waganga peke yao; hata zahanati inayorudia dawa ya amiba mara ya nne bila kupima choo inakisia. Mitishamba ina nafasi kwa mtu anayejua anaumwa nini, akiwa kwenye dawa zake, na daktari wake akijua.

Hilo la daktari kujua ndilo gumu. Nilimsindikiza shangazi yangu kliniki, yeye ana kolaiti iliyothibitishwa, na kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amemuuliza anakunywa nini kingine. Siku hiyo daktari mgeni, binti mdogo, alimwamkia shikamoo, akaweka kalamu chini, akauliza, "Mama, na nyumbani wanakupa dawa gani?" Shangazi alinitazama kwanza. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa chupa ndogo ya maji ya rangi ya kahawia, akaiweka mezani kando ya kopo la mesalazini. Binti aliifungua, akainusa, akaomba aelezwe ilivyopikwa, na alipotajiwa shubiri akauliza kama ganda lilimenywa.