Wazazi Tunaowaita Waficha Watoto

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza unapoanza, na tena kila Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, viongozi wetu wa Mtwara na Lindi hutoa wito uleule: wazazi acheni kuwaficha watoto wenye ulemavu, waleteni shule. Wito huo una ukweli wake. Ila umerudiwa hadi umekuwa jibu la kila swali. Mtoto haonekani darasani, basi kafichwa. Aliyemficha ni mama yake, au bibi anayemlea, na mazungumzo yanaishia hapo.

Sheria yenyewe imesimama na mtoto. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 27, inataka mtoto huyo asome katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum, na apatiwe huduma za kumsaidia kusoma. Ada ya shule ya msingi tuliizika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hayo yanajulikana. Kinachosahaulika ni mwendo wa kutoka mlangoni kwao hadi darasani.

Niwape viongozi haki yao kwanza. Mtendaji wa kijiji aliyewahi kufunguliwa chumba cha uani akamkuta mtoto wa miaka kumi asiyezoea mwanga wa jua ana kila sababu ya kukasirika. Wapo akina baba waliotoweka wiki ileile mtoto alipozaliwa. Wapo ndugu wanaonong'ona kuwa ni mkosi wa ukoo. Wapo wazazi wanaompeleka mdogo shule na kumwacha mkubwa kwa sababu "huyu hata akienda hatajua kitu", na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake, hilo ni kosa. Mwalimu naye hawezi kumfundisha mtoto ambaye hajawahi kumtia machoni. Kelele za majukwaani zimewatoa ndani baadhi ya watoto hawa, na hilo ni jema.

Lakini sensa ya 2022 ilipita nyumba kwa nyumba ikiuliza nani ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Matokeo yakaonyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Karani alijibiwa na nani? Na wazazi haohao tunaowaita waficha watoto. Kijijini jambo hili si siri. Balozi wa nyumba kumi anajua, muuguzi wa zahanati anajua kwa sababu alimpima mtoto kliniki, jirani ndiye anayemwangalia mama akienda kisimani. Tunajua walipo. Hatujawafikia.

Anayeijua nyanda ya Makonde anaujua mchanga wake. Ukitoka barabara kuu ya Tandahimba au Newala ukaingia njia za vijijini, mchanga unafika kwenye kifundo cha mguu. Kiti mwendo kinachotolewa msaada, tena mbele ya kamera, kina magurudumu mawili madogo ya mbele yaliyotengenezwa kwa sakafu ya hospitali. Kwenye mchanga huo yanazama. Anayesukuma inabidi ageuze kiti, akivute kinyumenyume, mtoto akitazama alikotoka. Masika ikifika, hata hilo haliwezekani. Ndiyo maana viti vingi vimesimama barazani vikianikiwa nguo, na mgeni akiviona anasema wazazi hawa hawathamini msaada.

Kwa hiyo mtoto anabebwa. Mama mmoja wa vijiji hivyo aliniambia, bila kulalamika, "Mwanangu, darasa la kwanza alikuwa mwepesi. Sasa ana kilo zake, na mimi nina mwingine wa mgongoni." Mtoto wake aliishia darasa la tatu. Kwenye daftari la mahudhurio ataandikwa mtoro. Kwenye hotuba atakuwa amefichwa. Hapa ndipo ninapoona tunawakosea sana watu hawa: mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwenda na kurudi, miaka mitatu, anawekwa kapu moja na aliyemfungia wa kwake ndani.

Mwingine hupelekwa na kaka au dada. Hilo linakwenda vizuri hadi kaka amalize shule ya msingi. Siku anayoondoka kwenda sekondari, au Dar es Salaam kutafuta maisha, mdogo wake naye amehitimu bila mtihani. Na kabla ya hapo kuna msimu. Korosho zikianza kudondoka lazima ziokotwe kabla mvua hazijazikuta chini, na familia nyingi huhamia shamba. Anayetembea kwa miguu yake anaweza kurudi shule kutokea huko. Asiyetembea anabaki kwenye banda la shambani mpaka msimu uishe, na akirudi wenzake wameshafika mbali.

Sasa tupige hesabu, maana tunaambiwa fedha hakuna. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na inayofika shuleni ni 6,000, nyingine ni ya vitabu. Hiyo 6,000 haimalizi nauli ya bodaboda ya wiki moja. Lakini halmashauri zetu zina korosho. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Tuseme bodaboda ya kijijini inachukua 1,000 kwenda na 1,000 kurudi: mtoto mmoja anahitaji 388,000 kwa mwaka mzima. Msimu wa 2024/25 bei kwenye mnada wa kwanza ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 hapo ni shilingi 120 kwa kila kilo. Gawanya: ushuru wa tani tatu na robo hivi unampeleka mtoto mmoja shule na kumrudisha mwaka mzima. Nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000 msimu huo, na sehemu kubwa ilipita kwenye maghala ya Mtwara na Lindi. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kwa sababu kila ninapoifanya ule wito wa majukwaani unazidi kunikera.

Afisa elimu atanijibu kuwa ushuru huohuo ndio unaojenga madarasa na zahanati, na kwamba bei ya korosho haitabiriki. Ni kweli. Atasema pia kuwa kumfikisha mtoto darasani bila mwalimu aliyesomea elimu maalum ni kumkalisha tu. Hoja hiyo ni nzito zaidi, hasa kwa mtoto kiziwi, ambaye bila mwalimu wa lugha ya alama atakaa miaka yote ya shule ya msingi akiangalia midomo. Kwa hao, shule yenye kitengo maalum na bweni bado inahitajika, na sheria inaliacha wazi. Ila mzazi wa Liwale anayesita kumwacha mtoto wa miaka saba bwenini, mbali asikoweza kwenda kumwona, asiitwe mjinga. Novemba 2022 moto uliunguza bweni la watoto wenye mahitaji maalum Buhangija, Shinyanga, na wanafunzi watatu wakafa. Mzazi ana haki ya kuuliza nani analala na watoto usiku, na mlango unafungukia wapi.

Baraza la Mitihani limeshaonyesha kuwa mfumo ukitaka unaweza kumwangalia mtoto kwa hali yake: mtahiniwa asiyeona anaongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Fikra hiyohiyo irudishwe nyuma hadi darasa la awali. Kijiji kitoe orodha ya majina, kata ijue nani anahitaji bodaboda, nani anahitaji choo cha kukaa chenye maji, nani anahitaji kitengo, na fungu liingizwe kwenye bajeti ya halmashauri kabla madiwani hawajaipitisha.

Yakishafanyika hayo, akabaki mzazi ambaye usafiri unafika mlangoni kwake asubuhi na bado anamfungia mtoto chumbani, apelekwe mahakamani. Nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.