Glasi Juu Chini

Mzaha wa glasi ya maji iliyopinduliwa hauhitaji akili nyingi, na labda ndiyo maana Profesa, mwenzetu wa chumba anayesoma fizikia, aliupenda kuliko yote. Jaza glasi maji hadi pomoni. Funika mdomo wake kwa kadi ngumu, shikilia kadi kwa kiganja, pindua upesi. Ukitoa mkono kadi haidondoki, maana hewa ya nje inaisukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Tua glasi mezani, vuta kadi polepole, ondoka zako. Maji yatakaa humo yakimngoja mwenye haraka. Akiinua tu, mililita 250 ziko mapajani.

(Dawa yake kwa atakayetegewa: usiinue. Isukume glasi taratibu hadi ukingoni mwa meza, tega beseni chini, maji yaangukie humo.)

Aliyelengwa ni Komredi, ambaye huamka macho bado yamefumba na kushika chochote kilicho mbele yake. Profesa alitega usiku tukiwa tumelala. Kuna jambo lilimpita, la ajabu kwa mtu wa fani yake: mzaha huu unataka meza laini isiyo na ufa. Yetu ni mbao mbili zilizounganishwa kwa gundi iliyokwisha kukata tamaa. Mdomo wa glasi ulikaa juu ya kiungo chenyewe. Kipovu kimoja cha hewa kikaingia, maji ya kiasi hichohicho yakatoka. Kipovu kingine. Usiku kucha. Na kwa kuwa mguu mmoja wa meza ni mfupi, maji yalifuata ufa hadi upande wangu, ilikolala riwaya ya upelelezi niliyoazima maktaba. Nilikuwa nimeishia pale mpelelezi amewakusanya washukiwa wote sebuleni, anasafisha koo.

Asubuhi meza ilikuwa karibu kavu. Riwaya ilikuwa imekunywa yote. Komredi aliamka, akaikuta glasi tupu, akaigeuza, akatia mswaki wake ndani, akaenda kuoga. Mzaha haukumgusa hata tone.

Tukaanza uuguzi. Profesa alitaka kufungua kurasa palepale, nikamdaka mkono: karatasi iliyolowa haina nguvu, ukivuta kurasa zilizoshikana unabaki na vipande. Komredi akaja, taulo kiunoni, na mashine ya kukaushia nywele aliyoazima chumba cha pili. “Dakika tano tu, ndugu yangu.” Hapana. Joto hukausha kingo kwanza huku katikati pakiwa pabichi, nyuzi za karatasi zinasinyaa kwa zamu, na kitabu kinatoka na mawimbi. Jua kali nalo hukunja jalada na kufifisha rangi zake. Alipotaja maikrowevu nilimwomba akavae kwanza.

Tulikuwa na vipindi mfululizo, na kitabu kilicholowa kinaweza kuota ukungu ndani ya saa 48. Nikakifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikakitia kwenye friza ya jiko la pamoja. Baridi haikaushi kitu, ila ukungu husimama ulipo. Tuliporudi, jirani mmoja mwema alikuwa ameshakitoa na kukitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu kiyeyuke, akidhani ni nyama. Mfuko wa kwanza ulikuwa umevuja. Wa pili ndio uliotuokoa. Jirani aliuliza kama atakaribishwa.

Kukausha kwenyewe ni kazi ya subira. Simamisha kitabu wima, jalada likiwa wazi kidogo, feni ikipuliza kwa mbali bila joto. Kurasa zikianza kuachana, ingiza karatasi ya kunyonya maji kila baada ya kurasa 20 hivi, na uibadilishe ikilowa. Usijaze karatasi kupita theluthi moja ya unene wa kitabu, la sivyo mgongo unapasuka. Kikikaribia kukauka, kilaze na ukigandamize kwa vitu vizito. Hapo vitabu vya fizikia vya Profesa vilipata kazi.

Tatizo ni kwamba karatasi za kunyonya ziliisha usiku wa manane. Profesa, kwa majuto ya kweli kabisa, akachomoa noti zake za mhadhara na kuzipachika humo sisi tukikoroma. Zingekuwa zimechapwa kwa printa ya leza, isingekuwa neno, maana wino wake ni unga unaoyeyushwa na kung'ang'ania karatasi. Zake zilichapwa kwa wino wa maji. Wino ukahama. Kulipokucha riwaya ilikuwa na milinganyo ya kanieneo la hewa kila baada ya kurasa 20, yote imegeuka kinyume. Na pale mpelelezi anaponyoosha kidole kumtaja muuaji, kidole kiliishia kwenye mchoro wa glasi iliyopinduliwa.

Mkutubi aliufungua ukurasa huo, akausogeza kwenye kioo, akasoma kwa utulivu. “Mlinganyo huu umekosewa,” akasema. “Na nakala mpya mtanunua.” Profesa aliumizwa zaidi na la kwanza.

Nakala mpya ilipofika, alidai haki ya mlipaji: aisome kwanza ndipo aikabidhi. Akafunua. Ukurasa wa kwanza, kwa penseli hafifu inayofutika vizuri, mwandiko wa Komredi: “Muuaji ni daktari.” Profesa alinuna, lakini pesa zimeshatoka, akaisoma hivyohivyo huku akimvizia daktari kila aya. Mimi nilikwisha kupita huko siku nyingi, nikanyamaza. Daktari anauawa sura ya nne.