Makofi Sita ya Nini?

Juzi mpwa wangu wa kidato cha kwanza alikaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, analipigia makofi neno la Kiingereza: re-spon-si-bi-li-ty. Makofi sita, yote ya nguvu moja. "Mjomba, nimepatia?" Hesabu alipatia. Neno, bado.

Ndivyo tulivyofundishwa sote: ba be bi bo bu, kata neno, soma. Kwa Kiswahili inatosha, maana mkazo una kwao, silabi ya pili kutoka mwisho. M-KO-nge. Hata mtu, mkazo unakaa kwenye ile m. Watoro ni wachache, na mmoja tunamkanyaga kila siku: barabara za Ngamiani zina namba, na ukisema Barabara ya Nane unatamka ba-ra-BA-ra. Usogeze mkazo nyuma, ba-RA-ba-ra, umeshasema "sawasawa".

Mkazo wa Kiingereza unahamahama. PHO-to-graph, pho-TO-gra-phy, pho-to-GRA-phic: ukoo mmoja, kila mtu na mlango wake. Tena silabi iliyokosa mkazo humezwa. Comfortable ukilikata kwa macho utapata silabi nne, lakini Waingereza wengi hutamka tatu, KAMF-ta-bl. Sisi tunazitamka zote nne, kisha mkazo tunauweka kwenye "ta", kama tuko nyumbani.

Simwambii mtoto aseme kama Mwingereza. Lafudhi ya Tanga haina aibu, na hospitali tulipoichukua tukauhamisha mkazo kutoka HOS hadi TA, ni yetu sasa. Lakini ukiwa unaongea Kiingereza chenyewe, mkazo ukikosea mahali, msikilizaji analipoteza neno zima hata kama silabi zote zimetimia. Kwa hiyo mimi naona tuanzie mkiani. Neno likiishia na -ity, -tion au -ic, mkazo kwa kawaida huangukia silabi iliyo kabla tu ya mkia huo: u-ni-VER-si-ty, e-du-CA-tion. Waasi wapo. Politics, kwa mfano, ni PO-li-tics. Siasa hata huko haifuati kanuni.

Na kwenye kamusi nyingi, ile alama ndogo ya mkazo husimama kabla ya silabi yake. Miaka mingi mimi nilikuwa naihesabia silabi iliyotangulia.

Mpwa akarudia neno lake, safari hii kofi moja tu, kwenye BI. Muuza kahawa akageuka kuangalia kama mbu kafa.